Ile Kanuni ya Cheupe Ilikuwa Yangu, Baba Zawadi

Mpendwa Baba Zawadi,

Sikuulizi hali, maana huko uliko jibu halitanifikia. Sisi huku ni wazima. Zawadi amemaliza la saba na amerefuka mpaka anainama mlango wa jikoni. Barua hii sikuitia kwenye bahasha. Mambo yako yalisemwa mbele ya watu, mimi nikiwa nimekaa mkekani na kanga ya msiba kiunoni, kwa hiyo na ya kwangu nayasema mbele ya watu. Atakayeisoma aisome, na atakayekwenda kuwasimulia ndugu zako awasimulie bila kupunguza neno.

Nimekukasirikia. Naanza na hilo ili usije ukadhani nakuandikia kukulilia. Kulia nililia, arobaini ikapita, nguo zako tukagawana na ndugu zako bila ugomvi. Kilichobaki ni hasira, na hasira hii nimeilaza, nimeiamsha, nimekwenda nayo kanisani nikarudi nayo. Naona hapa duniani hakuna wa kumpa isipokuwa wewe mwenyewe.

Unakumbuka tulivyoanza pale Viwanja Sitini, hapa Ifakara. Chumba cha mbele studio, chumba cha nyuma tumekiziba mapazia meusi hadi tundu la ufunguo tukalijaza pamba. Wewe mbele na wateja, mimi nyuma na mabeseni ya dawa. Kupiga ulipiga wewe, kusafisha nilisafisha mimi. Mji mzima ulimjua Fundi Tadei. Mimi walinijua kama yule mama anayewapaka watu poda kabla hawajakaa kwenye kiti, maana siku zile hakuna mwanamke wa Ifakara aliyekubali kupigwa picha bila poda, na wanaume nao waliitaka ila walitaka ipakwe kidogo, mwenzao asijue.

Sisemi maisha yalikuwa mabaya. Kazi ikiisha mbele ulikuwa unaingia nyuma, unafunga mlango taratibu, unasimama begani kwangu na ile taa nyekundu. Karatasi ikiwa kwenye dawa, sura ikianza kujitokeza, ulikuwa unanong'ona, "Huyo anakuja." Miaka kumi na mmoja ulisema hivyo kwa kila mtu, hata kwa watu tuliowadharau. Nilikupenda sana ndani ya chumba kile.

Lakini ulikuwa na kanuni yako. Uliipata kwa yule mzee aliyekufundisha kazi kule Mahenge: mtu mweusi mwongezee mwanga. Fungua lenzi zaidi kidogo, la sivyo atatoka macho na meno. Uliishika kuliko amri kumi. Na wateja kweli walitoka vizuri, sura zinang'aa, shati jeupe lina vifungo vyake vyote, bibi harusi na maua ya gauni lake yanahesabika. Watu wakakusifu, ukavimba kichwa.

Sasa nikuambie kitu ambacho miaka yote ile hukuuliza. Filamu zako zilikuwa zinakuja nyuma zimeiva kupita kiasi. Ulizopiga nje juani ndiyo usiseme, zilikuwa nyeusi tii kama kitako cha chungu, maana kwenye filamu penye mwanga mwingi ndipo panapokuwa peusi, na mwanga wa taa ya kuchapia haupenyi. Ningezichapa harakaharaka kama wanavyofanya wengine, bibi harusi angetoka hana gauni. Nilikuwa naiacha taa imewaka muda mrefu, uso wa mtu naukinga kwa kiganja usije ukawa mweusi mno, gauni naliacha liendelee kupata mwanga mpaka ua la kwanza litokee, kisha la pili. Mkono unakufa ganzi. Nilikuambia mara moja kwamba unazidisha mwanga, ukanijibu kila fundi ana mkono wake. Nikaendelea kukutengenezea. Usione vyaelea, Baba Zawadi, vimeundwa.

Halafu mwaka ule uliofuata mvua za El Nino ukaja mradi wa mpunga. Walitaka picha ya kila mkulima amesimama kwenye jaruba lake, kabla ya mavuno na baada ya mavuno, wakakuchagua wewe kwa majaribio. Kamera wakakupa yao. Ilikuwa kubwa kama tofali, haina filamu, inameza diski ya kompyuta kama mtoto anayemeza mkate. Ulikuja nayo umeifunga kwenye taulo, ukaiweka mezani, ukanikataza nisiiguse kwa mikono yenye dawa. Nilifurahi kwa ajili yako. Nilikupigia pasi suruali ya kaki ukaenda bondeni kama bwana shamba.

Picha za kwanza zikafunguliwa kwenye kompyuta ya ofisi. Uliporudi nyumbani ulikaa kwenye ngazi bila kuvua viatu. Anga jeupe, maji ya majarubani meupe, mashati meupe, vyote vimeshikana kitu kimoja, na vichwa vya wakulima vinaelea humo. Kwa kujua wanapigwa picha, watu walikuwa wamevaa nguo zao za Jumapili. Mzee mmoja wa Kindamba alipooneshwa picha yake aliuliza kwa adabu kabisa kiwiliwili chake mmekipeleka wapi. Mkuu wa mradi hakucheka. Alikupa wiki mbili, picha zikiendelea kuungua kwa mwanga atamleta mpigapicha kutoka Morogoro.

Zile wiki mbili nazikumbuka moja moja. Kwanza ulisema ni jua la Ifakara, kamera haijalizoea. Ukaanza kutoka alfajiri, lakini ukifika bondeni wakulima hawajafika, na wakifika jua nalo limefika. Kisha ukasema ni lenzi, ukaipangusa kwa kipande cha ngozi laini mpaka nikaogopa utaitoboa. Kisha ukasema ni poda. Ukapiga marufuku poda, wanawake wa watu wakaoshwa nyuso kwenye mfereji mbele ya waume zao, na picha zikatoka vilevile, isipokuwa sasa zilikuwa na wanawake walionuna. Kisha diski zimeharibiwa na joto, ukazihifadhi kando ya mtungi wa maji. Vyote vilipoisha ukanigeukia mimi, eti nitakuwa niliishika kamera na mikono yenye dawa. Nyani haoni kundule. Nilikuwekea maji ya kuoga.

Jumapili baada ya misa ukalala barazani, kofia usoni. Kamera ilikuwa mezani. Nikanawa mikono kwa sabuni mara mbili, nikaichukua.

Nilitundika shuka letu jeupe kwenye kamba, lile lenye kiraka pembeni. Chini yake, juu ya kinu, nikaweka sufuria langu la maharage lililojaa masizi. Nilikuwa nataka cheupe kabisa na cheusi kabisa vikae pamoja, nione kamera inamwonea nani. Nikapiga. Juani pale kile kioo cha nyuma hakionekani kitu, ndiyo maana wewe ulikuwa unapiga gizani mchana kweupe. Nikajifunika kanga kichwani pamoja na kamera yenyewe, nikatazama kwa utulivu kama nilivyozoea kutazama gizani. Nikabonyeza vitufe kimoja kimoja. Nikakuta pale penye kupunguza na kuongeza mwanga pamewekwa alama ya kujumlisha, na namba imepandishwa hadi mwisho.

Nilicheka peke yangu chini ya kanga. Sikuhitaji kuuliza nani kaipandisha. Ilikuwa kanuni yako ya Mahenge, mtu mweusi mwongezee mwanga. Ulikuwa umeifanyia kamera ngeni kile ulichozoea kuzifanyia zile za zamani, tofauti ni kwamba safari hii hapakuwa na mimi chumba cha nyuma. Filamu ukiizidishia mwanga inaficha kitu ndani, mwenye subira anaweza kukitoa. Hii ikishaandika nyeupe, imeandika nyeupe. Hakuna wa kukurudishia.

Nikapiga tano. Ya kwanza kama ulivyoiacha, ya pili nimeshusha, ya tatu nimeiacha sifuri, ya nne na ya tano nimekwenda upande wa kutoa. Kwenye yako shuka lilikuwa karatasi tupu. Kwenye ya nne niliona kiraka, nikaona na mshono wa kiraka. Sufuria lilikuwa limefifia kidogo lakini mkono wake unaonekana, mdomo wake unaonekana, na ule upande ulioungua zaidi unaonekana. Nikaja kukuamsha. Neno nililokuambia nalikumbuka, maana nilikuwa nalitafuta tangu kwenye kamba hadi barazani: "Kwenye kamera hii angalia cheupe kwanza, Baba Zawadi. Cheusi kitajitetea chenyewe."

Ukaketi, ukatazama zile picha tano chini ya kanga, ukacheka. Ukasema wenzangu wanapiga watu, mimi napiga masufuria. Ukasema mtu si sufuria. Nikarudi jikoni kupika hayo maharage.

Jumatatu ukaondoka na kamera. Jioni ukarudi unapiga mluzi. Nilikuuliza picha zimekuwaje, ukasema zimetoka. Neno moja tu. Nikangoja wiki nzima uongeze la pili.

La pili nililisikia kwa dereva wa mradi, alipokuja studio kupiga picha ya pasipoti. Aliniamkia, akaanza kukusifu. Eti mzee ni mtaalamu, eti amewaeleza pale ofisini jinsi alivyofanya utafiti nyumbani kwake kwa shuka na sufuria, na mkuu wa mradi ameiandika kanuni yake kwenye karatasi kubwa akaibandika ukutani: angalia cheupe kwanza, cheusi kitajitetea chenyewe. Nilikuwa nampaka yule kijana poda. Nikaendelea kumpaka mpaka akaniuliza kama haijatosha.

Hata sufuria langu uliliiba. Ungesema umegundua tu, ningesema ni mambo ya wanaume kazini. Lakini ulibeba shuka, ukabeba sufuria, ukabeba na maneno niliyoyatafuta mwenyewe njiani kutoka kwenye kamba, ukayapeleka ofisini kama mtu anayepeleka kuku wa jirani sokoni.

Usiku ule nilikutengea wali na kambale, nikakaa mbele yako. Nilikuambia nimeyasikia. Ukatafuna polepole, kisha ukanijibu kwa ile sauti yako ya kutuliza wateja. "Mama Zawadi, mimi na wewe si mwili mmoja?"

"Mwili mmoja," nikakuambia, "mbona mdomo wa kupokea sifa ni wako tu?"

Ukanawa mikono kabla hujashiba. Baadaye uliniahidi, na uliniahidi kwa jina la mwanetu, kwamba mkataba wa kazi ukisainiwa utamwambia mkuu wa mradi ukweli. Uliogopa, ukasema, wakijua sasa hivi kwamba umefundishwa na mkeo, kijiweni hutakaa. Hilo nalielewa. Nawajua wanaume wa pale stendi, wangekuita mwanafunzi mpaka uzeeke. Nikakubali kusubiri. Mkataba ukasainiwa masika, ukanunua viatu. Masika yakaisha.

Kisha presha ikakuangusha. Siku ya pili wodini mkuu wa mradi akaja kukuona, akaleta maji ya chupa na machungwa. Akasimama pembeni ya kitanda akaniambia, "Mama, una mume mwenye akili sana. Kanuni yake sasa tunaifundisha hadi Mang'ula." Wewe ulikuwa umeamka, akili zako zote timamu. Ukanitazama. Mimi nikashika chuma cha kitanda nikasema moyoni, haya, sasa. Hapakuwa na kijiwe pale, hapakuwa na mtu wa kukucheka, palikuwa na sisi watatu na chupa ya dripu. Ukatabasamu ukamwambia, "Huyu mama ananitunza. Anapika vizuri sana."

Siku iliyofuata ukafariki. Nakuapia, katika yote uliyonifanyia miaka kumi na mitatu ya ndoa, pamoja na ile safari ya Mlimba ambayo hujawahi kunieleza vizuri, hakuna lililonichoma kama hilo la kupika.

Msibani wakalisema tena. Mkuu wa mradi alipewa nafasi ya kukuaga, akasimulia shuka, akasimulia sufuria, watu wakaguna kwa kustaajabu, kaka yako mkubwa akalia kwa kwikwi. Nilibaki mkekani. Mjane akisimama kubishana na anayemsifu marehemu, watasema amechanganyikiwa, na mimi nilikuwa na mtoto wa kulinda na nyumba ya kulinda. Nikainamisha kichwa, wakadhani nakulilia.

Juzi Jumamosi ndiyo mambo yalipofika mwisho. Mradi uliitisha mafunzo kwa wapigapicha wapya wa vituo vyao, watu kama kumi hivi, wakaniita na mimi kama mjane niende kupokea cheti chako kwenye fremu. Nilivaa kitenge kile cha bluu. Ukutani palikuwa na ile karatasi kubwa, na juu yake, kwa kalamu nyekundu: Kanuni ya Fundi Tadei. Nikakaa chini yake. Mkufunzi akawa anawaonesha picha, wao wanaandika. Binti mmoja kutoka Mang'ula akainua mkono, akasema kanuni anaifuata, anapunguza mwanga, na bado sare za watoto wa shule zinaungua, afanyeje. Mkufunzi akamsomea kanuni. Binti akasema ameielewa, anauliza afanyeje. Mkufunzi akamsomea tena, polepole zaidi, kama mtu anayemsemesha kiziwi.

Nikasimama. Sikupanga, miguu ilisimama. Nilisema kanuni hiyo ni yangu, na shuka ni langu, na sufuria lipo jikoni kwangu mpaka leo, anayetaka kuliona aje. Nikasema marehemu mume wangu alikuwa fundi mzuri na alikuwa mume wangu nikampenda, lakini hili hakuligundua yeye. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Mkuu wa mradi akanijia taratibu, akaniambia kwa huruma kwamba wanaelewa uchungu wangu. Hapo ndipo hasira ikanisaidia, maana bila hiyo ningekaa. Nikamwambia uchungu wangu auache, anipe kamera. Nikamwita yule binti tukatoka wote nje, darasa zima likatufuata. Nikamsimamisha mwenzake mwenye shati jeupe mlangoni, penye kivuli. Nikamwomba binti apige kama alivyozoea, tukajifunika kanga yangu tukatazama. Shati limeungua. Nikamwonesha kwamba kamera inapima mwanga wa pale anapoielekeza, na yeye alikuwa anaielekeza kwenye giza la mlango, ikadhani ni usiku ikafungua macho. Nikamwambia aielekeze kwenye shati kwanza, aishikilie hapohapo kwa kubonyeza kitufe cha kupigia nusu, ndipo arudi kwenye uso. Akapiga. Vifungo vikatoka, vyote sita, na uso wa mwenzake umo, mweusi mzuri, wala haukuhitaji kuongezewa chochote.

Mkuu wa mradi alitazama kile kioo kwa muda mrefu. Aliporudi ndani alisema watarekebisha karatasi, wataandika majina yote mawili, la marehemu na la mkewe. Nilimkatalia. Nilimwambia picha zote za bondeni ni zako, ulizifuata kwa miguu yako kwenye tope, ziendelee kuwa na jina lako mpaka karatasi zioze, na mtu akilifuta nitakuja juu. Lakini pale ukutani lifutwe, liandikwe langu, peke yake. Cheti chako nilikipokea. Nimekitundika sebuleni.

Tulipokuwa tunakunywa chai yule binti wa Mang'ula alikuja kukaa karibu yangu. Aliniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, kwa nini siku zote hizo hukusema?"

"Nilisema," nikamwambia. "Nilimwambia mtu aliyekuwa anajua ni kweli."

Lala, Baba Zawadi. Misa ya mwaka nitakusomea, na kaburi nimelipalilia. Hasira yangu imebaki kidogo tu sasa, na hiyo iliyobaki naomba uniachie.

Mimi mkeo, na fundi mwenzako,
Leokadia